UZI: Imani ya Kiyahudi na imani ya Kikristo, tuanzie kwenye neno lenyewe

Mzizi wa Neno (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kila mjadala wa Wayahudi na Wakristo huishia kwenye kauli ile ile: "Wao matendo, sisi imani." Kauli hiyo imewadhulumu wote wawili, na naomba tuichambue kwa utulivu, aya kwa aya. Mwenye Biblia aiweke karibu.

Neno la Kiebrania ni emunah. Shina lake ni herufi tatu: alef, mem, nun. Msemaji wa Kiswahili analo mdomoni kila siku, maana Kiarabu kina shina hilo hilo na ndicho kilichotupa amini, imani, amana na mwaminifu. "Amina" tunayoitikia mwisho wa sala nayo ni ya ukoo huo. Sasa fungua Kutoka 17:12. Waamaleki wanapigana na Israeli, mikono ya Musa imelemewa, Haruni na Huri wamemkalisha juu ya jiwe na kumtegemeza huku na huku. Kiebrania kinasema mikono yake ikawa emunah mpaka jua lilipokuchwa. Mkono hauna itikadi. Unachoweza ni kutulia usianguke, ndiyo maana watafsiri wetu waliandika "ikathibitika". Katika shina hilo mna pia omen, mlezi anayebeba mtoto anyonyaye (Hesabu 11:12), na miimo ya hekalu ambayo Hezekia aliibandua dhahabu (2 Wafalme 18:16).

Halafu Isaya 7:9. Nabii anamwambia mfalme Ahazi, akilitumia shina mara mbili katika sentensi fupi: im lo ta'aminu, ki lo te'amenu. Msipoamini, hamtathibitika. Ilipotafsiriwa kwa Kigiriki, katika Septuaginta, nusu ya pili ikawa "hamtaelewa". Augustino aliisoma katika Kilatini cha kale kilichofuata Kigiriki hicho, akajenga juu yake fundisho kwamba mtu huamini kwanza ndipo aelewe, na Anselm wa Canterbury akaliendeleza karne ya 11. Jerome, aliyetafsiri kutoka Kiebrania, aliandika "hamtadumu". Kwa tafsiri ya neno moja, imani ilihama miguuni ikapanda kichwani.

Hoja yangu ni hii: tuulize neno "naamini" limesimama wapi. Kwa Mkristo limesimama mlangoni, ndilo linalomwingiza. Kwa Myahudi limo ndani ya nyumba. Ameshakuwa ndani kwa agano, na emunah ni kukaa humo bila kuyumba. Karibuni.

Kisima cha Kale

Mleta uzi, umeanza vizuri ila punguza mwendo kwenye mashina. James Barr alionya tangu 1961 kwamba maana ya neno hupatikana katika sentensi lilimotumika, si katika ukoo wake. Kwa Kiswahili tunasema "mwonee imani", yaani mhurumie. Hakuna atakayetoa hapo fundisho kwamba huruma na itikadi ni kitu kimoja, eti kwa kuwa neno ni moja.

Tuangalie kitenzi chenyewe, he'emin, kinavyofanya kazi. Kikifuatwa na be- ni kumtegemea mtu: Kutoka 14:31, walimwamini BWANA na Musa mtumishi wake, kitenzi kimoja kwa wote wawili. Kikifuatwa na le- ni kukubali kauli ya mtu: Mwanzo 45:26, Yakobo hawaamini wanawe wanapomwambia Yusufu yu hai. Kikifuatwa na ki ni kuamini kwamba jambo limetokea: Kutoka 4:5, wapate kuamini kwamba BWANA amekutokea. Hiyo ya tatu ni imani ya kichwani kabisa, na imo ndani ya Torati.

Nayaeleza haya kwa sababu Martin Buber, mwaka 1950, alizigawa imani mbili kwa kisu: emunah ni kumtegemea, pistis ya Kigiriki ni kukubali kwamba jambo fulani ni kweli. Mgawanyo huo unapendeza masikioni na umenakiliwa sana. Lakini Kutoka 4:5 inaupinga upande wa Kiebrania, na Warumi 3:3 inaupinga upande wa Kigiriki. Pale Paulo anaandika pistis ya Mungu, na Biblia zetu zinasema "uaminifu wa Mungu", kwa sababu Mungu hana itikadi ya kukiri. Ndipo unapozuka ubishi mkubwa wa wataalamu kuhusu Wagalatia 2:16 na Warumi 3:22: pistis ya Kristo ni imani yetu kwake, au ni uaminifu wake yeye? Sarufi ya Kigiriki inaruhusu zote mbili. Linganisha tafsiri mbili tatu za Kiswahili uone kila moja imechagua "imani ya" au "imani katika".

Mzizi wa Neno (mleta uzi)

Nimekubali, mkuu. Shina linatupa mahali pa kuanzia tu. Hoja ya mlango ndiyo naomba ipimwe.

Mlango wa Maji

Hoja ya mlango ina ushahidi mzuri kwenye maji, kwa kuwa dini zote mbili humzamisha anayeingia. Tuziweke taratibu mbili za kale bega kwa bega.

Upande wa Kikristo lipo andiko liitwalo Mapokeo ya Mitume, ambalo kwa desturi huhusishwa na Hippolytus wa Roma wa karne ya 3, ingawa mwandishi anabishaniwa. Anayeingia amefundishwa, kwa kawaida miaka 3. Anashuka majini. Anayebatiza anamwekea mkono na kumuuliza: Unamwamini Mungu Baba Mwenyezi? Naamini. Anazamishwa. Swali la pili ni refu: Unamwamini Kristo Yesu, Mwana wa Mungu, aliyezaliwa kwa Roho Mtakatifu na Bikira Maria, akasulubiwa chini ya Pontio Pilato, akafa, akafufuka siku ya tatu? Naamini. Anazamishwa. La tatu ni la Roho Mtakatifu na Kanisa takatifu. Naamini. Anazamishwa tena. Ukiyaondoa majibu hayo matatu, kinachobaki ni mtu kuoga.

Upande wa Kiyahudi, Talmudi ya Babeli, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi, Yevamot 47a na 47b. Anakuja mtu anataka kuongoka. Swali la kwanza: Umeona nini hata ukaja? Hujui kwamba Israeli siku hizi wanataabika, wanasukumwa na kuonewa? Akijibu, "Najua, nami sistahili," anapokelewa pale pale. Wanamjulisha amri chache nyepesi na chache nzito. Kisha wanamtajia kwa majina makosa ya shambani: masazo ya mavuno, mganda uliosahauliwa, pembe ya shamba isiyovunwa, zaka ya maskini. Hivyo vyote ni haki za fukara. Mwanamume anatahiriwa, akipona anazamishwa bila kucheleweshwa, na wanazuoni wamesimama kando wakimtajia tena amri nyepesi na nzito akiwa majini. Mwanamke huketishwa na wanawake wenzake majini hadi shingoni, wanazuoni wakiwa nje. Akitoka, ni Israeli kwa kila jambo.

Someni tena mtafute swali "Unaamini?" Halimo. Anaulizwa kama yuko tayari kubeba mzigo wa watu hawa, na kama anajua kona ya shamba lake si yake.

Kuna mahali watu hukosea wakifika hapa. Wanasema, basi Myahudi hahitaji kumwamini Mungu. Hapana. Rambam, yaani Musa bin Maimoni, mwanasheria na mwanafalsafa wa Kiyahudi wa karne ya 12, alipoipanga sheria hiyo upya (Issurei Biah 14:2) aliongeza kwamba mwongofu afundishwe misingi ya dini, umoja wa Mungu na katazo la sanamu, na hilo waliongee kwa urefu. Amri nyingine kwa ufupi. Hata bila nyongeza hiyo, mtu hawezi kuingia katika agano na asiyekuwapo. Imani imo, ila imechukuliwa kuwa sakafu na haikuwekwa kuwa ufunguo.

Taa ya Mkesha

Swali kwa wajuzi. Kama halimo, zile kanuni 13 za Rambam ni nini? Si kanuni ya imani kama ya Nikea?

Kisima cha Kale

Swali zuri, na hapa ndipo pana utajiri.

Kanuni ya Nikea ya mwaka 325, ikapanuliwa Konstantinopoli 381, ilitungwa na mkutano wa maaskofu, na aliyeikataa alitengwa. Kanuni 13 ziliandikwa na mtu mmoja, kwa Kiarabu, katika ufafanuzi wake wa Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi, aliokamilisha Misri mwaka 1168. Alizitoa kwenye Sanhedrin 10:1, inayosema Israeli wote wana fungu katika ulimwengu ujao, kisha inawatoa watu watatu: anayekana ufufuo, anayesema Torati haikutoka mbinguni, na apikoros, yaani mzushi. Zingatieni mpangilio: wote wamo kwanza, ndipo wachache wanatolewa.

Rambam alikuwa mkali. Aliandika kwamba anayetilia shaka hata msingi mmoja amejitoa katika jamii. Lakini wenzake hawakunyamaza. Alipomwita mzushi anayesema Mungu ana mwili, Ravad wa Provence aliandika pembeni kwamba wakubwa na bora kuliko yeye wameshika wazo hilo, kwa walivyoona katika maandiko. Ravad hakusema wazo hilo ni sahihi. Alichokataa ni watu hao kutengwa kwalo. Hasdai Crescas, mwaka 1410, akaenda kwenye mzizi: haiwezekani kuwe na amri ya kuamini kwamba Mungu yupo, maana amri yoyote inahitaji kwanza umkubali mwenye kuamuru, tena moyo hauamriwi kusadiki. Yosefu Albo, 1425, akapunguza misingi ikawa 3. Abravanel, 1494, akasema kuchagua misingi ni kosa, Torati yote ni msingi. Hakuna mkutano uliowahi kupiga kura. Kanuni 13 ziliingia katika vitabu vya sala kwa nguvu ya desturi, na zinasomwa kwa kuimbwa.

Jambo moja kwa wapenda lugha. Saadia Gaon, mwaka 933 huko Babeli, alikuwa ameshaandika kwa Kiarabu kitabu kiitwacho al-Amanat wal-I'tiqadat. Mswahili hahitaji kamusi: amana na itikadi. Maneno yote mawili yalihitajika, na kitabu cha falsafa cha Rambam kilipotafsiriwa kwa Kiebrania, i'tiqad ikageuzwa kuwa emunah. Tangu hapo emunah ya mikono ya Musa ikabebeshwa pia uzito wa itikadi. Msitafute basi emunah "safi" ya Kiyahudi isiyo na falsafa. Karne nyingi zimepita tangu vichanganywe.

Mzizi wa Neno (mleta uzi)

Asante sana. Sasa Mwanzo 15:6, kwa sababu hii ndiyo aya inayogombewa. "Akamwamini BWANA, naye akamhesabia jambo hili kuwa haki." Nani alimhesabia nani?

Kiebrania hakijasema. Kuna kitenzi cha kutenda, "akamhesabia", na watu wawili wanaume katika sentensi. Rashi, mfafanuzi wa Kiyahudi wa karne ya 11, anasoma kama tulivyozoea: Mungu alimhesabia Abramu. Ramban, yaani Nahmanides, anageuza: Abramu ndiye aliyeihesabu ahadi ya Mungu kuwa ni haki na hisani ya Mungu, isiyotegemea ustahili wake. Septuaginta ilifunga mlango huo kwa kutumia kitenzi cha kutendwa, "ikahesabiwa kwake", na Paulo akainukuu hivyo katika Warumi 4:3 na Wagalatia 3:6. Hoja yote ya Warumi 4 inasimama juu ya mpangilio wa sura: 15 inatangulia 17, Abrahamu alihesabiwa haki kabla hajatahiriwa.

Lakini maneno hayo hayo, kuhesabiwa haki, yapo Zaburi 106:31 kuhusu Finehasi, na yeye alihesabiwa kwa tendo, tena tendo la mkuki (Hesabu 25). Na 1 Wamakabayo 2:52 inauliza: je, Abrahamu hakuonekana mwaminifu alipojaribiwa, akahesabiwa haki? Pale imeunganishwa na jaribu, na ndivyo anavyosoma Yakobo 2:21-23, akiifunga Mwanzo 15 na sadaka ya Isaka katika Mwanzo 22. Kwa hiyo Yakobo hakuzua jambo dhidi ya Paulo. Alifuata usomaji wa Kiyahudi uliokuwapo kabla yake. Na Paulo naye hayuko peke yake. Mekhilta, ufafanuzi wa marabi juu ya Kutoka, inasema Abrahamu aliurithi ulimwengu huu na ujao kwa stahili ya emunah aliyoamini, na inanukuu Mwanzo 15:6. Tofauti ni kwamba marabi hawakuiweka emunah hiyo kinyume cha Torati hata mara moja.

Mwalimu wa Jioni

Kwa wanaofundisha katekesi au shule ya Biblia, niongeze upande wa Kikristo, maana umeguswa kidogo na wenyewe hauna sauti moja.

Warekebishaji wa karne ya 16 na warithi wao waligawa imani sehemu 3: kuijua habari, kuikubali kuwa kweli, na kuitegemea. Ya tatu, fiducia, ndiyo iokoayo kwao. Yakobo 2:19 inasema hata mashetani wana mbili za kwanza. Katekisimu ya Heidelberg ya 1563, swali la 21, inasema wazi kwamba imani ya kweli ni ujuzi wa hakika pamoja na tegemeo la moyo. Tomaso wa Akwino alikuwa amesema imani ni tendo la akili linalokubali ukweli wa Mungu kwa amri ya nia iliyosukumwa na neema, na kwamba bila upendo imani hiyo haijakamilika umbo. Luther alipotafsiri Warumi 3:28 mwaka 1522 aliongeza neno "tu": kwa imani tu. Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki, Januari 1547, ukakataa "imani tu" ikimaanisha hakuna haja ya nia ya mtu kushiriki. Mara nyingi walitumia neno moja kwa vitu viwili: Luther akisema imani ana maana ya tegemeo, Trento ikisema imani ina maana ya kukubali ukweli. Ndiyo sababu Walutheri na Wakatoliki waliweza kutia saini tamko la pamoja Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999.

Kiswahili chetu kinashika tofauti hii vizuri. Wakatoliki wanaanza Kanuni ya Imani na "Nasadiki", kukubali kuwa kweli. Walutheri wanasema "Namwamini", na hiyo -mw- inamtaja mtu unayemtegemea. Ukimfundisha mwanafunzi, mwandikie ubaoni: naamini kwamba yupo, namwamini anachosema, namwamini yeye. Augustino alifanya hivyo hivyo kwa Kilatini. Akishazitenganisha tatu hizo, muulize kila aya inayotaja imani iko safu ipi. Makosa mengi huisha hapo.

Na tusimwonee Myahudi kwa kumlinganisha na Mfarisayo wa mahubiri. E. P. Sanders alionyesha mwaka 1977, kwa kupitia maandiko ya zama zile, kwamba Myahudi wa wakati wa Paulo aliamini ameingia katika agano kwa uchaguzi na rehema ya Mungu. Kutii kulikuwa namna ya kukaa humo, na toba ilikuwapo kwa aliyeteleza. Wapo wanaopinga kwamba Sanders ameyanyoosha mno maandiko yenye sauti nyingi, na nadhani wana haki kiasi. Lakini picha ya watu wanaonunua mbingu kwa vipande vya matendo imeanguka.

Taa ya Mkesha

Habakuki 2:4 je? "Mwenye haki ataishi kwa imani yake."

Kisima cha Kale

Angalia hilo "yake". Kiebrania kinalo: be'emunato, kwa emunah yake. Septuaginta inayo "yangu", yaani uaminifu wa Mungu. Paulo katika Warumi 1:17 hana yoyote. Ameacha "kwa imani" peke yake. Huko Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, katika hati ya Kiyahudi iliyopatikana 1947, aya hiyo inafafanuliwa kuwa ni watendao Torati katika nyumba ya Yuda, ambao Mungu atawaokoa kwa taabu yao na emunah yao kwa Mwalimu wa Haki, kiongozi wa jumuiya hiyo. Yaani kabla ya Paulo, Wayahudi walikuwa wameshaihusisha aya hii na kumshika mtu fulani kwa imani, huku matendo yakiwa pamoja nayo.

Talmudi, Makkot 23b hadi 24a, ina njia yake. Musa alipewa amri 613: 365 za kukataza, 248 za kutenda. Daudi akazisimamisha juu ya 11 (Zaburi 15), Isaya juu ya 6, Mika juu ya 3, Isaya tena juu ya 2, na Habakuki juu ya 1: mwenye haki ataishi kwa emunah yake. Paulo na marabi walifika kwenye aya moja. Kwa marabi hiyo moja inazibeba 613 kama mwimo unavyobeba mlango. Hakuna hata moja iliyoondolewa.

Pembe ya Shamba

Naomba mfano wa karibu. Abayudaya, ile jamii ya Waganda wanaoshika dini ya Kiyahudi, wanaingia wapi katika haya?

Mlango wa Maji

Wanaingia sawasawa. Semei Kakungulu, karibu na Mbale, alikuwa Mprotestanti aliyesoma Biblia na kuamini, akaishika Torati na kujitahiri yeye na wanawe mwaka 1919. Kwa kipimo cha "naamini" alikuwa ameshaingia siku ile. Lakini mwaka 2002 mamia ya Abayudaya walipita mbele ya mahakama ya marabi wa tapo la Conservative na kuzamishwa, ingawa imani na desturi walikuwa nazo kwa miaka 80 na ushei. Wengine walisita, kwa hoja kwamba wao ni Wayahudi tayari, na hoja hiyo inaeleweka. Sheria ya Kiyahudi haikuwa inahoji mioyo yao. Ilikuwa inauliza kama agano limefungwa mbele ya mahakama ya watu watatu.

Taa ya Mkesha

Kwa hiyo Myahudi haulizwi kabisa kuhusu emunah?

Mzizi wa Neno (mleta uzi)

Anaulizwa, mkuu, ila siku ya hukumu. Shabbat 31a, Rava anayataja maswali 6 ambayo mtu ataulizwa, na la kwanza ni hili: nasata venatata be'emunah? Ulipouza na kununua, ulifanya kwa emunah? Hapo kwa Kiswahili utaandika "kwa uaminifu", ukipima kilo iwe kilo. La pili ni kama alitenga muda wa kusoma Torati, na maswali mengine yanafuata.

Na kila asubuhi, kabla hajanawa mikono, Myahudi mshika dini husema sentensi moja ya kumshukuru Mungu kwa kumrudishia roho yake. Inamalizika kwa maneno mawili yaliyochukuliwa katika Maombolezo 3:23: rabbah emunatekha, uaminifu wako ni mkuu. Emunah ya kwanza kutajwa katika siku yake ni ya Mungu, ambaye usiku alipewa roho ya mtu kama amana na asubuhi ameirudisha.